Kusoma falsafa za ulimwengu pamoja na siasa chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na wanaofikiria kuomba shahada inayounganisha falsafa za ulimwengu na siasa, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao tayari wameanza. Yanaanzia mambo ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee. Si lazima uyasome kwa mfuatano: pale jibu moja linapolitegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Falsafa za ulimwengu ni nini, na zina tofauti gani na falsafa inayofundishwa kwingineko?

Kwa muda mrefu idara nyingi za falsafa zimefundisha mstari mmoja tu: Wagiriki wa kale, wanatheolojia wa Ulaya wa Zama za Kati, kisha Descartes, Kant na waliowafuata. Mstari huo una utajiri mkubwa, lakini haumalizi falsafa. Katika karne zilezile ambazo Athens ilikuwa na Plato na Aristotle, China ilikuwa na makundi ya wanafikra waliobishana vikali juu ya vita, maziko, adhabu na namna ya kumpata waziri anayefaa. India ilikuwa na mikondo iliyojadiliana kwa karne nyingi kuhusu nini kistahili kuitwa ujuzi. Baadaye Baghdad na Cordoba zilimsoma Aristotle kwa Kiarabu, zikambishia, zikamwongezea.

Kusoma falsafa za ulimwengu ni kuwaweka wote hawa meza moja na kuwauliza maswali yaleyale: unadai nini, una hoja gani, na hoja hiyo inasimama? Neno la kushika hapa ni hoja. Anayemsoma Confucius ili aujue "utamaduni wa Wachina" anafanya kazi nyingine, yenye thamani yake, lakini hajaanza kufanya falsafa.

2. Kwa nini kuziunganisha na siasa? Si masomo mawili tofauti?

Ni mawili, na yana njia tofauti za kufanya kazi (tazama swali la 9). Lakini dola, katiba na mikataba hujengwa juu ya mawazo, na mawazo hayo hayakutoka mahali pamoja.

Chukua Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Wengi hulisoma kama zao la Ulaya na Marekani. Ukifungua kumbukumbu za kamati iliyoliandika, iliyoongozwa na Eleanor Roosevelt, unamkuta Peng Chun Chang wa China akileta fikra za Confucius na kupinga kuziegemeza haki kwenye imani ya dini moja. Unamkuta Charles Malik wa Lebanon akibishana naye. Unamkuta Hansa Mehta wa India akisisitiza kwamba kifungu cha kwanza kitaje binadamu wote badala ya wanaume. Mwanafunzi wa siasa anayejua falsafa ya Ulaya peke yake atawapita watu hawa bila kuona walichobishania.

Mifano ya karibu zaidi ipo. Mwaka 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipofuta adhabu ya kifo katika kesi ya Makwanyane, majaji kadhaa walijenga sehemu ya hoja zao juu ya ubuntu, yaani wazo kwamba mtu ni mtu kupitia watu wengine. Katiba ya Ecuador ya mwaka 2008 iliipa mazingira ya asili haki zake yenyewe, ikichota kwenye dhana ya sumak kawsay, yaani maisha mema, ya watu wa milima ya Andes. Hizi ni nyaraka za kisheria zenye nguvu juu ya maisha ya watu. Huwezi kuzieleza vizuri bila falsafa iliyo nyuma yake, na huwezi kujua zilifanya kazi gani kweli bila siasa.

3. Je, ni sawa na shahada ya falsafa, siasa na uchumi?

Hapana. Shahada ile, iliyoanzishwa Oxford katika miaka ya 1920, inakulazimu kusoma uchumi, na falsafa yake kwa kawaida imekuwa ya mkondo wa Kiingereza. Ukitaka kufanya kazi ya sera za fedha, ile inafaa zaidi. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wa sehemu mbalimbali za dunia wanagombana juu ya uhuru, mamlaka na haki huku kila upande ukiamini una hoja, soma hii.

4. Mambo haya si dini na mila tu?

Swali hili huulizwa sana, mara nyingi na watu wenye nia njema. Jibu fupi: fungua maandishi yenyewe. Arthashastra ya Kautilya, kitabu cha kale cha India kuhusu utawala, imejaa majasusi, hazina, ngome na mahesabu ya nani awe mshirika wako na nani adui. Han Fei, mwanafikra wa China aliyefariki mwaka 233 kabla ya Kristo, anamweleza mtawala jinsi ya kuwashika mawaziri kwa vishikio viwili, adhabu na tuzo, na kwa nini asiachie hata kimoja mikononi mwa mtu mwingine. Hakuna sala humo.

Ni kweli kwamba wanafikra wengine waliandika wakiwa ndani ya dini, kama al-Farabi katika Uislamu au Nagarjuna katika Ubudha. Hata hivyo Thomas Aquinas, mwanatheolojia Mkristo wa Zama za Kati, naye aliandika akiwa ndani ya dini, na hakuna anayemwondoa kwenye orodha ya wanafalsafa kwa sababu hiyo. Kipimo kiwe kimoja kwa wote.

## Kinachosomwa

5. Nitawasoma akina nani?

Inategemea chuo na wahadhiri waliopo, kwa hiyo soma orodha ya kozi kabla ya kuvutiwa na jina la shahada. Kuna programu zenye jina kubwa ambazo ndani yake kozi moja tu ndiyo inayotoka nje ya Ulaya.

Kwa upande unaogusana na siasa, majina yanayorudi mara kwa mara ni Confucius, Mencius, Mozi na Han Fei wa China. Kautilya, Gandhi na Ambedkar wa India. Al-Farabi, Ibn Rushd na Ibn Khaldun wa ulimwengu wa Kiislamu. Fanon na Du Bois, walioandika juu ya ukoloni na ubaguzi wa rangi. Nkrumah, Nyerere, Wiredu na Hountondji wa Afrika. Ningemshauri yeyote aanze na Ibn Khaldun. Muqaddimah yake ya mwaka 1377 inauliza kwa nini tawala huinuka na kuanguka, na jibu lake linatokana na asabia, yaani mshikamano wa kundi: watu wa maisha magumu huwa na mshikamano wa kuteka mji, kisha starehe za mji huulegeza ndani ya vizazi vichache hadi kundi jingine lije. Mzaliwa huyo wa Tunis aliwahi kuzitumikia tawala kadhaa na kutupwa gerezani, na unaona kwenye kurasa zake kwamba anayeandika amewahi kukaa karibu na wakubwa.

6. Upande wa siasa unahusu nini? Kuna hesabu?

Kwa kawaida kuna nadharia ya siasa, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa na mbinu za utafiti. Humo kwenye mbinu za utafiti mara nyingi kuna takwimu kidogo: kusoma majedwali, kuelewa sampuli, kujua kwamba mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kuwa moja limesababisha jingine. Usizikwepe. Mwanafalsafa asiyeweza kuhoji takwimu hulazimika kuamini anachoambiwa.

7. Plato, Hobbes na Rawls wanaachwa?

La. Wanafalsafa hawa wa Magharibi wanabaki, ila hawakai tena peke yao. Tena utawaelewa vizuri zaidi. Ibn Rushd alitaka kuifafanua Siasa ya Aristotle, lakini kitabu hicho hakikumfikia, kwa hiyo akaandika ufafanuzi wa Jamhuri ya Plato. Humo anaikosoa miji ya zama zake na kusema wazi kwamba kuwaweka wanawake kando ya kazi za maana kunaichumia miji umaskini. Ukimsoma Plato kupitia msomaji huyu wa Andalusia (Hispania ya Kiislamu) wa karne ya 12, unaona mambo ambayo muhtasari wa kawaida haugusi.

8. Falsafa ya Kiafrika ipo, au ni semi na methali?

Mjadala wa swali hili wenyewe ni sehemu ya falsafa ya Kiafrika, na ni miongoni mwa mijadala mizuri zaidi utakayoisoma. Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyekuwa Kongo, alichapisha kitabu akidai Wabantu wana falsafa moja ya pamoja iliyofichika katika lugha na desturi zao. Paulin Hountondji wa Benin alimjibu miaka ya 1970 kwa ukali: falsafa ni kazi ya watu wanaofikiri, kuandika na kukosoana, na kuwapa mamilioni ya watu falsafa moja wasiyoijua wenyewe ni kuwanyima sauti. Henry Odera Oruka, aliyefundisha Nairobi, alichukua njia ya tatu. Alikwenda kwa wazee wenye hekima, akawahoji, na akawatofautisha wanaoeleza desturi tu na wanaoweza kuihoji desturi hiyo na kutoa sababu zao.

Naonavyo mimi, Hountondji alikuwa sahihi kumpinga Tempels, na Oruka alikuwa sahihi kuonyesha kwamba kalamu si sharti la kufikiri. Wewe utakuwa na lako, na utadaiwa ulitetee. Oruka anarudi katika swali la 16.

## Kusoma na kuandika

9. Insha ya falsafa na insha ya siasa zinatofautianaje?

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hupoteza alama. Katika falsafa unachagua dai moja finyu, unaonyesha hoja yake hatua kwa hatua, unaleta pingamizi lenye nguvu kuliko yote, kisha unaamua. Vitabu vitatu vilivyosomwa vizuri vinatosha. Katika siasa unatakiwa kuleta ushahidi wa kilichotokea: nchi zipi, miaka ipi, nani alifanya nini, na kwa nini maelezo yako yanashinda maelezo mengine.

Mfano mmoja uonyeshe tofauti. Kwasi Wiredu wa Ghana alidai kwamba demokrasia ya vyama inayotoa ushindi kwa wengi inawaacha wachache bila sehemu katika uamuzi, na akapendekeza utawala wa maafikiano akichota kwenye mabaraza ya Waashanti. Insha ya falsafa itauliza: je, kuafikiana kunahitaji watu wakubali kwa nia moja, au wakubali tu kwamba hatua ichukuliwe? Emmanuel Chukwudi Eze, mwanafalsafa wa Nigeria, alimpinga Wiredu, akishuku picha ya zamani ambapo watu walishawishiana kwa hoja tupu, na akisisitiza kwamba demokrasia ni namna ya kubeba tofauti. Je, pingamizi hilo linampata?

Insha ya siasa itaanzia pengine. Julius Nyerere naye aliutetea mfumo wa chama kimoja akitaja wazee wanaozungumza mpaka wakubaliane. Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria kuanzia mwaka 1965 hadi 1992. Basi mwanafunzi achunguze: maafikiano yalipatikana ngazi gani, nani aliruhusiwa kukataa, na aliyekataa alifanywa nini? Tena akumbuke kwamba Wiredu hakutetea chama kimoja. Alitaka mfumo usiokuwa na vyama vinavyogombea dola. Anayezijua insha zote mbili hatachanganya mambo haya, na hiyo ndiyo faida kubwa ya shahada hii.

10. Nawezaje kuwalinganisha wanafikra wa mbali bila kuwapotosha?

Anza na kufanana, kisha usikubali kuishia hapo.

Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1651, anasema bila mamlaka kuu watu wataishi katika vita vya kila mtu dhidi ya kila mtu. Mozi, zaidi ya miaka 2000 kabla yake, anatoa picha inayoshabihiana mno: kabla ya kuwa na watawala, watu walikuwa katika vurugu kama ya wanyama, hata ndugu wakachukiana. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba Mozi ni Hobbes wa China, na insha itafia hapo.

Sasa rudi kwenye ukurasa. Kwa Hobbes, watu wanapigana kwa kugombea vitu, kwa kuogopana na kwa kutafuta sifa. Kwa Mozi chanzo ni kwamba kila mtu ana kipimo chake cha haki. Watu 10 wana vipimo 10, kila mmoja anaona chake ni sawa na cha mwenzake ni kibaya. Vita vyao vinaanzia kwenye kujiona waadilifu. Kwa hiyo na dawa zinatofautiana. Hobbes anahitaji mwenye nguvu za kutisha, Mozi anahitaji mtu bora zaidi atakayevileta vipimo vyote kuwa kimoja. Hapo swali zuri linajitokeza lenyewe: kati ya hofu na uadilifu unaogongana, ni kipi kinachovunja nchi zaidi? Hilo unaweza kulipeleka kwenye semina ya siasa na kulijaribu kwa vita halisi vya wenyewe kwa wenyewe.

11. Lazima nijue Kichina, Kiarabu au Sanskrit?

Kwa shahada ya kwanza, mara nyingi la. Utasoma tafsiri. Ibn Rushd mwenyewe hakujua Kigiriki, na bado ufafanuzi wake wa Aristotle ulisomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Ila chukua tafsiri mbili za kifungu unachokitegemea. Zikitofautiana, hapo pana jambo la kuuliza. Chuo kikiruhusu kozi ya lugha kama somo la hiari, ichukue mapema, hasa kama unafikiria shahada ya uzamili.

12. Nifanyeje na mwanafikra mwenye maoni ya kuchukiza?

Utakutana nao. Aristotle alitetea utumwa wa asili. Manusmriti, andiko la kale la sheria za Kihindu, inapanga watu kwa tabaka na kuwafunga wanawake chini ya wanaume. Msiwaruke wala msiwapambe.

Ambedkar ni mwalimu mzuri hapa. Alizaliwa katika jamii iliyoitwa isiyogusika, yaani iliyotengwa kama najisi, akasoma Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, ambako mwanafalsafa John Dewey alikuwa mmoja wa walimu wake. Mwezi Desemba 1927 nakala ya Manusmriti ilichomwa hadharani katika mkutano aliouongoza katika mji wa Mahad, India. Lakini yeye huyo aliyachambua maandishi ya kale ya Kihindu kwa undani kuliko wengi wa watetezi wa maandishi hayo, kisha akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, ambayo kifungu chake cha 17 kinafuta kutoguswa. Hasira yake ilikuwa na elimu ndani yake, na ndiyo maana haikuweza kupuuzwa.

13. Watawala wanapotumia falsafa kujitetea, tunasoma nini?

Tunasoma vyote viwili: falsafa na matumizi yake. Miaka ya 1990 Lee Kuan Yew wa Singapore na viongozi wengine walisema maadili ya Asia yanatanguliza nidhamu na jamii kuliko haki za mtu mmoja mmoja. Kim Dae-jung, mpinzani wa Korea Kusini aliyekuja kuwa rais, alijibu mwaka 1994 kwa kumtaja Mencius, aliyefundisha kwamba mtawala anayewatesa watu hupoteza uhalali wake. Tangu hapo mtu akisimama na kusema "falsafa yetu inasema", swali la kwanza ni: nani kati yetu, katika andiko gani, na nani alimpinga?

## Kuomba nafasi na baada ya kuhitimu

14. Nahitaji kuwa nimesoma falsafa sekondari?

Kwa kawaida hapana. Historia, fasihi, uraia, masomo ya dini au lugha ni maandalizi mazuri. Katika barua ya maombi, usiandike orodha ya majina. Chagua hoja moja uliyoisoma ikakusumbua, eleza inasema nini, na useme unaipinga wapi. Wahadhiri wanaosoma maombi wanamtafuta mtu anayeweza kufikiri mbele ya ukurasa.

15. Nitapata kazi gani? Wazazi wanauliza.

Wana haki ya kuuliza. Shahada hii haikupi leseni ya kazi moja, kama udaktari au uhandisi. Wahitimu wa masomo ya namna hii huingia kwenye diplomasia, utumishi wa umma, uandishi wa habari, mashirika ya haki za binadamu, utafiti wa sera, ualimu, na sheria baada ya mafunzo ya ziada. Ajira haiji kwa jina la cheti. Ndani ya miaka hiyo jifunze kitu kinachoonekana: lugha ya pili ya kazi, uchambuzi wa takwimu, au uandishi wa muhtasari wa sera. Waeleze wazazi mpango huo kwa majina ya kozi, nao watakuelewa kuliko ukiwaambia kwamba falsafa hufungua akili.

## Hali za pekee

16. Naweza kuandika tasnifu juu ya fikra za mzee wa kwetu ambazo hazijaandikwa popote?

Unaweza, na njia ya Oruka (swali la 8) inakupa pa kuanzia. Tofauti yake na kukusanya mila ni namna ya kuuliza. Mzee akisema "mtawala asiyesikia hupotea", usiandike tu na kuondoka. Muulize: je, akisikia na bado akakosea? Watu wakigawanyika, asikie upande gani? Wewe ulishawahi kupinga uamuzi wa baraza? Anayerudia kwamba ndivyo tulivyoikuta amekupa desturi. Anayekupa sababu, akakubali pingamizi na kurekebisha kauli yake, amekupa hoja, na hoja hiyo utaijadili kwa jina lake kama unavyomjadili Mozi.

Idara mbili zitakudai mambo mawili. Falsafa itataka uhukumu hoja, hata kama mhojiwa ni babu yako. Siasa itataka ujue mzee huyo alishika nafasi gani, alinufaika na utaratibu gani, na wanawake au vijana wa palepale wanasema nini. Omba wasimamizi wawili mapema, na wakubaliane kwa maandishi nani anasahihisha nini.

Pata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kabla ya kurekodi neno lolote, na ridhaa ya mzee mwenyewe ikitaja kama atatajwa kwa jina. Mahojiano yaliyofanywa kabla ya kibali mara nyingi hayaruhusiwi kutumika, na mzee wa miaka 80 huenda asiwe na nguvu za kuanza upya.